Mtaa haujauzwa

Umeuliza kama Chuo Kikuu cha Yale, kilichopo New Haven, Marekani, kilinunua kipande cha mtaa wa High Street kati ya mitaa ya Chapel na Elm. Hapana, Yale hawakukinunua. Katika makubaliano ya 2021 na jiji la New Haven, chuo kiliahidi kuchangia takriban dola milioni 135 kwa miaka sita, na jiji likakubali mtaa ugeuzwe wa waenda kwa miguu. Umiliki ukabaki kwa jiji.

Nadhani unachanganya na 2013, ambapo jiji liliwauzia Yale kweli vipande vingine vya mitaa ya High na Wall kwa dola milioni 3. Bei ya kutupa, ukiniuliza mimi! Ukishauza barabara, safari ijayo unaenda kujadiliana na chuo ukiwa mikono mitupu.