Kwa Wanaoanza Kusoma Roma ya Mwanzo: Anzieni kwenye Kura na Deni

Anayeanza kusoma historia ya Roma ya mwanzo kwa kawaida hupokewa na mapacha walionyonyeshwa na mbwa-mwitu, kisha hukaririshwa wafalme saba, kuanzia Romulus hadi Tarquinius aliyepachikwa jina la Mwenye Kiburi. Kwa kuwa nimefundisha somo hili kwa muda mrefu, ushauri wangu ni kwamba majina hayo myajue, maana mtihani utayauliza, lakini msipige kambi hapo. Jamii na serikali ya Warumi mtazielewa zaidi mkichunguza jinsi kura zilivyohesabiwa na jinsi deni lilivyodaiwa.

Mapokeo yanasema mji ulianzishwa mwaka 753 KK na mfalme wa mwisho akafukuzwa mwaka 509 KK. Miaka 244 ikigawanywa kwa wafalme saba, kila mmoja anapata wastani wa karibu miaka 35, ilhali baadhi yao wanasimuliwa kuwa waliuawa. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumtia msomaji shaka. Livius, mwanahistoria wa Kirumi ambaye simulizi zake ndizo zinazotegemewa zaidi, aliandika zama za Augustus, kaisari wa kwanza, yaani zaidi ya miaka 700 baada ya tarehe hiyo ya kuanzishwa mji, na mwenyewe anakiri kwamba kumbukumbu nyingi ziliteketea Wagallia, wavamizi kutoka kaskazini, walipouchoma mji. Kwa hiyo, kila mnapokutana na kisa cha shujaa wa kale, ulizeni ni ukoo gani uliofaidika kukisimulia. Ardhi haina ukoo wa kuupamba: mwaka 1948 wanaakiolojia walikuta kwenye kilima cha Palatino mashimo ya nguzo yaliyochongwa katika mwamba, masalia ya vibanda vya fito na udongo vya karne ya 8 KK. Roma ilianza kama vijiji vya Walatini kando ya mto Tiber, na baadaye, chini ya ushawishi mkubwa wa Waetruski, jirani zao wa kaskazini, bonde lenye majimaji likakaushwa na kuwa uwanja wa mji.

Kuhusu serikali ya jamhuri, vitabu vyote vitawaambia kwamba makonsuli, yaani watawala wakuu, walikuwa wawili, wa mwaka mmoja, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake, na kwamba katika hatari kubwa aliteuliwa dikteta kwa muda usiozidi miezi sita. Hayo ni mepesi. Tumieni muda wenu kwenye baraza la wananchi lililowachagua makonsuli hao. Katika mpangilio wake uliokamilika, ambao wanahistoria wengi wanaona ni wa baadaye kuliko mfalme Servius Tullius anayesifiwa kuuanzisha, raia waligawanywa katika makundi 193 kulingana na mali, na kila kundi lilikuwa na kura moja bila kujali idadi ya watu wake. Wapanda farasi walikuwa na makundi 18, daraja la kwanza la matajiri 80, huku raia wote wasio na mali wakisongamana katika kundi moja tu. Jumlisheni 18 na 80 mpate 98, ambayo tayari ni zaidi ya nusu. Matajiri walipiga kura kwanza, na wingi ulipopatikana shughuli ilifungwa, hivyo mtu wa chini aliweza kuhudhuria tangu asubuhi na asiitwe kabisa.

Deni nalo lina ukali wake. Sheria za Vibao Kumi na Viwili, zilizoandikwa mwaka 451 na 450 KK, zilimpa mdaiwa aliyeshindwa shaurini siku 30 za kulipa. Akishindwa, mdai alimfunga minyororo na kumpa walau ratli moja ya nafaka kwa siku, kisha mdaiwa akapelekwa sokoni katika siku tatu za gulio mfululizo, deni lake likitangazwa hadharani, na mwisho aliweza kuuzwa ng'ambo ya Tiber. Mkishayasoma hayo, mtaelewa kwa nini, kwa mujibu wa mapokeo, waplebei, yaani raia wasio wa koo za kale za wapatrisia, waligoma mwaka 494 KK, wakautoka mji na kurudi tu baada ya kupata tribuni wao, viongozi ambao mwili wao haukuruhusiwa kuguswa na ambao waliweza kuzuia amri ya konsuli.

Hapa ndipo insha nyingi za wanafunzi hupotea, kwa kuandika kwamba waplebei maana yake ni maskini. Tofauti yao na wapatrisia ilikuwa ya nasaba, na miongoni mwao walikuwamo matajiri wakubwa. Tajiri wa kiplebei alitaka ukonsuli na haki ya kuoa katika koo za wapatrisia, haki iliyoruhusiwa mwaka 445 KK. Maskini alitaka ardhi na nafuu ya deni. Livius anasimulia kwamba Licinius na Sextius, tribuni waliopitisha sheria za mwaka 367 KK, walikataa madai hayo yatenganishwe, wakijua kwamba wananchi wangeyapokea ya ardhi na deni na kuuacha ukonsuli. Katika majibu yenu, ninyi yatenganisheni, kisha fuateni kila dai hadi mwisho wake: Sextius aliingia ukonsuli mwaka uliofuata, 366 KK, lakini kifungo cha utumwa wa deni, kwa tarehe anayoitoa Livius, hakikufutwa hadi mwaka 326 KK.