Maswali ya Wasomaji: Jenereta Kuukuu ya Gari-Nyumba

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki gari-nyumba la zamani lenye vitanda, jiko na kiyoyozi kimoja cha darini, pamoja na jenereta ya petroli ya kilowati 4 iliyofungwa tangu kiwandani. Kwa muda mrefu sikuitumia. Sasa nikiiwasha huunguruma kwa kupanda na kushuka, kisha huzima, hasa ninapowasha kiyoyozi. Mita yake inasoma chini ya saa 700. Fundi aliyeitazama amesema umri wake umekwisha na kwamba ninunue nyingine. Je, nimkubalie?

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie bado. Saa 700 si nyingi kwa jenereta ya aina hii, ambayo ikitunzwa hufanya kazi kwa saa elfu kadhaa, na dalili ulizozieleza ni za kukosa mafuta kuliko za injini iliyochoka. Jenereta za magari-nyumba huharibika zaidi kwa kukaa kuliko kwa kufanya kazi: petroli iliyobaki ndani ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, huvukiza sehemu yake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba vijitundu vya kupitishia mafuta, ambavyo ni vyembamba sana. Injini hupata mafuta ya kutosha kuzunguka bila mzigo, lakini kiyoyozi kinapoomba nguvu, mafuta hayatoshi na mlio huanza kuyumba.

Anza na mambo yasiyogharimu kitu. Tazama kiasi cha petroli kwenye tangi la gari, kwa sababu mrija unaolisha jenereta kwa kawaida haufiki chini kabisa. Huishia karibu na robo ya tangi ili jenereta isije ikamaliza mafuta yote na kukuacha njiani. Jenereta nyingi zimehukumiwa kuwa mbovu wakati ambapo tangi lilikuwa limeshuka tu chini ya robo. Pima pia oili, kwa kuwa nyingi zina swichi inayozima injini oili inapopungua, na gari likiegeshwa kwenye mteremko swichi hiyo inaweza kuzima injini hata kama upungufu ni mdogo. Kisha kagua mipira ya mafuta kutoka tangini: mpira wa miaka mingi hupasuka vipasuko vidogo visivyovujisha petroli lakini vinavyoingiza hewa, na pampu hubaki ikivuta mapovu. Badilisha mipira hiyo na chujio kwa pamoja, hata kama vinaonekana vizima. Kabureta ifuate, kwa kuoshwa kikamilifu au kwa kubadilishwa. Bei ya kabureta mpya ni sehemu ndogo tu ya bei ya jenereta.

Iwapo injini itakimbia vizuri lakini umeme usitoke, bado hujafika kwenye kununua. Brashi za kaboni huisha au hukwama, pete zinazosuguana nazo hushika kutu zikikaa, kidhibiti cha volteji huungua, na wakati mwingine rota, yaani sehemu inayozunguka ya kuzalishia umeme, hupoteza usumaku mdogo unaohitajika ili umeme uanze kuzalishwa. Yote hayo hutengenezeka kwa fundi wa umeme mwenye mita na subira. Jambo la mwisho hasa, la kurudisha usumaku kwa kutumia betri, lisijaribiwe na asiyelijua, kwa sababu waya ukiguswa mahali pasipo pake kidhibiti kizima huungua papo hapo.

Mimi ningekubali kwamba jenereta imekufa kwa sababu chache tu. Ya kwanza ni mgandamizo wa silinda kuwa chini, hata baada ya kuhakikisha kwamba hakuna vali iliyokwama, nayo vali kukwama ni jambo la kawaida kwa injini iliyolala. Nyingine ni chembe za chuma ndani ya oili, koili kuu kuungua hadi zikanuka, au vipuri vyake kutopatikana tena. Sababu hiyo ya vipuri ndiyo huzimaliza jenereta nyingi za zamani, kwani injini inaweza kuwa na nguvu zake zote huku kadi moja ya umeme, isiyotengenezwa tena, ikiifanya kuwa chuma chakavu. Mwulize fundi wako ni ipi kati ya sababu hizi aliyoiona. Akikosa jibu, tafuta fundi mwingine.

SWALI: Jenereta yangu imethibitika kuwa haifai tena, kwa kuwa ringi za pistoni zimekwisha na vipuri havipo. Ni mambo gani niyapime kabla ya kununua nyingine? Wauzaji wananishauri nichukue kubwa zaidi ili niwe na akiba ya nguvu.

JIBU: Wauzaji wana sababu zao. Wewe anza na lile sanduku la chuma ambamo jenereta inakaa, kwa maana ukubwa wake ndio unaoamua mengi. Pima urefu, upana na kina baada ya kuitoa ile ya zamani. Andika pia upande ambao mlango unafungukia, kwa sababu kuna jenereta ambazo oili, chujio na plagi hufikiwa kutoka upande mmoja tu, na ukiifunga kinyume utalazimika kuishusha kila unapobadilisha oili. Angalia kama ya zamani ilikaa juu ya fremu au ilining'inia chini yake. Matundu ya hewa kwenye sakafu ya sanduku nayo yachorwe yalipo, kwa kuwa jenereta mpya inaweza kuvuta hewa mahali ambapo ya zamani ilikuwa ikiitoa. Jenereta inayovuta tena hewa yake yenye joto huzima wakati wa mchana wa jua kali, yaani wakati uleule unapokihitaji kiyoyozi.

Kuhusu nguvu, fanya hesabu yako mwenyewe. Kiyoyozi cha darini cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) hutumia takriban wati 1,500 kikiwa kazini, oveni ya maikrowevu huvuta kiasi hichohicho, chaja ya betri wati 600 hivi, na hita ya maji ya umeme wati 1,400. Ukivijumlisha vyote unapata wati 5,000, lakini hakuna ulazima wa kuviwasha kwa pamoja, na hita nyingi za magari haya hutumia gesi pia. Bila hita unabaki na wati 3,600, ambazo jenereta ya kilowati 4 inazimudu. Kiyoyozi kinapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi sana, na kwa hilo kuna kifaa kidogo cha kulainisha mwanzo kinachofungwa kwenye kompresa. Nakipendelea kuliko kununua jenereta kubwa kwa ajili ya sekunde moja tu.

Jambo linalosahaulika katika hesabu hii ni mwinuko. Hewa ya milimani ni nyepesi, na jenereta ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Katika mita 1,800, kilowati 4 zako huwa zimebaki 3.2 hivi, na hapo kiyoyozi, maikrowevu na chaja haviwezi kufanya kazi kwa pamoja. Ikiwa maisha yako ya safari ni ya nyanda za juu, nunua iliyo kubwa hatua moja. Ikiwa ni ya pwani, baki na ukubwa uleule wa zamani.

Kubaki na ukubwa uleule kuna faida nyingine. Jenereta ya petroli ya kilowati 4 ina uzito wa kilo 80 hivi. Ukipanda hadi kilowati 5.5 au 7 unavuka kilo 100, na za dizeli ni nzito zaidi. Uzito huo unaning'inia kwenye fremu iliyokula kutu kwa miaka mingi, nao huhesabiwa katika mzigo ambao ekseli inaruhusiwa kubeba. Waya nao una mpaka wake. Kilowati 7 kwa volti 120 ni ampea 58, na ukizisukuma kwenye waya na sakiti breka vilivyowekwa kwa ampea 30 utapata breka inayokatika kila mara. Usithubutu kuibadilisha breka kuwa kubwa huku waya ukibaki uleule, kwani hapo waya ndio utakaoungua.

Volteji na masafa ya umeme (yale yanayopimwa kwa hezi) yafuate vifaa vilivyomo ndani ya gari, bila kujali mahali ulipo. Gari lililoundwa kwa volti 120 na hezi 60 lina kiyoyozi, chaja na oveni za volti 120. Ukilifungia jenereta ya volti 230 na hezi 50 utaviunguza vyote kwa siku moja. Aina ya mafuta nayo ifuate tangi la gari. Jenereta ya gesi ni safi na haizibi kabureta kwa utomvu, ila hula mtungi uleule wa jikoni, na kwa ukubwa uleule hutoa nguvu pungufu kuliko ya petroli.

Siku ya kuifunga, ondoa kwanza waya hasi wa betri na uchomoe umeme wa nje, kisha piga picha kila waya kabla ya kuukata. Plagi ya swichi ya kuwashia kutoka ndani ya gari mara nyingi hailingani na ya jenereta mpya, na picha hizo zitamwokolea fundi saa nyingi. Jenereta ishushwe kwa jeki ya gia iliyo na meza pana, wala si kwa mikono ya watu wawili wenye moyo. Mipira ya kupunguza mtetemo iwe mipya, na mrija wa mafuta unaoingia kwenye jenereta uwe wa kunyumbulika, kwa sababu bomba gumu hukatika kwa mtetemo na kumwaga petroli juu ya sailensa. Bomba la moshi lifike nje kabisa ya ukingo wa gari na lisiishie chini ya dirisha linalofunguka. Sanduku likaguliwe kwa taa, na kila tundu linaloelekea chumbani lizibwe kwa kizibo kisichoshika moto.

SWALI: Je, siwezi kununua jenereta ndogo ya inveta, ile ya kubebwa kwa mkono, na kuiweka ndani ya sanduku la zamani? Ni ya kimya na bei yake ni nafuu mno.

JIBU: Usiiweke humo. Jenereta ya kubebwa imeundwa kufanya kazi mahali pa wazi: hewa yake ya kupoza huingia na kutoka pande kadhaa, tangi lake la petroli liko juu ya injini, na moshi wake hutoka kwenye tundu fupi lisilotengenezwa kuungwa bomba. Ndani ya sanduku joto hupanda, petroli ya tangini huanza kutoa mvuke, na moshi hutafuta njia ya kuingia chumbani. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Nimeona magari yaliyofanyiwa mageuzi haya kwa ustadi wa kusifika, yakiwa na feni na mabomba ya ziada, na bado nisingelala ndani yake.

Itumie nje, mbali na gari kiasi cha mita 6, mdomo wa moshi ukielekezwa upande mwingine, kwa waya mnene unaoingia kwenye plagi ya umeme wa nje ya gari. Fahamu pia kwamba katika jenereta nyingi za aina hii nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haijaungwa na ethi, yaani waya wa usalama, hivyo kifaa cha kulinda umeme cha gari kinaweza kuukataa umeme wake kikidhani kuna hitilafu. Fundi umeme atakueleza namna ya kuunganisha nyutro na ethi kwenye jenereta yenyewe, kamwe si ndani ya boksi la usambazaji la gari. Na iwe ni jenereta ya nje au ya ndani, king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo na kisiwe kimepita tarehe yake, kwani kitambuzi chake huchoka hata kama taa bado inawaka.

SWALI: Rafiki zangu wananiambia niachane na jenereta kabisa, niweke betri za lithiamu na paneli za jua. Wanasema kweli?

JIBU: Inategemea kiyoyozi. Betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 hubeba kilowati-saa 1.28. Nne hubeba kama 5.1, nazo zitaendesha kiyoyozi kwa takriban saa tatu kompresa isipopumzika, kisha zimekwisha. Paneli za wati 400 zilizolazwa juu ya paa hurudisha kilowati-saa 1.5 hadi 2 katika siku nzuri, yaani saa moja na kidogo ya kiyoyozi. Kwa taa, friji ndogo, pampu ya maji na kompyuta, mfumo huo unatosha na kubaki, nami ningeuchagua bila kusita. Kwa anayelala katika joto na kiyoyozi kikiwaka usiku kucha, jenereta bado haijapata mrithi wa bei ya kawaida. Ukiamua kuchajia betri hizo kwa alteneta ya gari, ile inayozalisha umeme injini ya gari ikizunguka, weka chaja maalumu kati yake na betri, kwa sababu lithiamu huvuta umeme mwingi mno na kuichemsha alteneta.

SWALI: Nimekwisha funga jenereta mpya. Nianze kuitumia vipi?

JIBU: Iwashe bila mzigo kwa dakika chache, kisha uipe mzigo wa nusu na kuubadilisha kadiri saa zinavyopita, bila kuiacha izunguke bure kwa muda mrefu, kwani ringi mpya hukaa sawa zikibanwa na mzigo. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kwa saa zilizotajwa katika kitabu chake. Baada ya hapo iendeshe angalau mara moja kwa mwezi kwa saa mbili, ukiwa umewasha kiyoyozi au hita ili ifanye kazi kwa nusu ya uwezo wake. Kabla ya kuliegesha gari kwa miezi mingi, tia dawa ya kutunza petroli ndani ya tangi na uiendeshe jenereta mpaka dawa hiyo ifike kwenye kabureta.