Nguo za kila siku, na heshima yake

Nauza vifaa vya simu Makoroboi. Kutwa ni suruali ya jinsi na fulana, na mama mkwe anasema naonekana kama nimetoka kulala. Ninunue mashati?

Hapana, baki na fulana zako. Joto la mchana la Mwanza linazitaka. Tazama mabega kwanza: mshono ukae pale bega linapoishia. Ukiteremka mkononi, hata fulana mpya huonekana ya kuazima. Shingo ikishalegea, hiyo ni ya kulalia.

Ukichagua mitumba pale Mlango Mmoja, usiishie kwenye rangi, shika na kitambaa. Pamba hunyonya jasho; polista hukuacha umelowa, na harufu inakaa. Kisha pita kwa fundi cherehani kabla ya kufika nyumbani, akubanie fulana ubavuni na kupinda suruali isiburuze. Inaniuma kuona mtu ananunua nguo ya tatu na ya nne wakati ile ya kwanza ilihitaji mshono tu. Suruali ya jinsi ifue ukiwa umeigeuza nje ndani, kwa maji ya baridi, uianike kivulini. Itakaa na rangi yake muda mrefu. Mama mkwe ataona tofauti, na hutakuwa umebadilisha chochote.

Dera ndilo vazi langu la raha. Naweza kulivaa kwenye kikao cha wazazi shuleni?

Dada, mimi ningeliacha nyumbani. Shona gauni la kitenge lenye nafasi ileile: lipwaye kuanzia kifuani kwenda chini, ila mabegani likae sawasawa. Mwambie fundi aweke mifuko. Kitenge cha pamba kiloweke, ukianike na kukipiga pasi kabla ya kumpelekea, kwa sababu pamba husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, na gauni lililokutosha Jumamosi litakubana wiki inayofuata.

Naishi Mabatini, juu mlimani. Raba nyeupe zinachafuka kabla sijafika barabarani.

Nunua za kahawia au kijivu, zenye soli ya meno, maana mawe yetu yanateleza mvua ikinyesha. Nyeupe ziweke za Jumapili, uzisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni, uzikaushe kivulini. Jua kali hugeuza soli kuwa njano. Na kandambili ziishie mlangoni, tafadhali.

Asubuhi navuka kwa kivuko kwenda Kamanga, upepo wa ziwa unanipiga. Saa sita naungua. Nivae nini?

Fulana ya rangi moja, na juu yake shati jepesi la pamba la mikono mirefu, bila kufunga vifungo. Jua likipanda, kunja mikono hadi chini ya kiwiko; mkunjo uwe mpana na bapa, usiusokote. Shati la kitani nalo linafaa sana, na mikunjo yake isikusumbue, kitani ndivyo kilivyo. Sweta nzito iache: ukishaivua utaishia kuifunga kiunoni, na mpangilio wote umeharibika.