Namba 2147483647 ilithibitishwaje kuwa tasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu wilayani Mpwapwa. Mwalimu wetu ametuambia kuwa 2147483647 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, na kwamba jambo hilo lilithibitishwa zamani, kabla ya kompyuta. Nimeigawa kwa 3, 7, 11 na 13, kisha nikachoka. Mtu aliwezaje kuwa na hakika bila kuigawa kwa namba zote zilizo chini yake?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wenu amesema kweli. Aliyeithibitisha ni Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, na alifanya hivyo kufikia mwaka 1772, wakati ambapo alikuwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona.

Fikiria magunia ya mahindi katika soko la Kibaigwa. Yakipangika katika mistari iliyo sawa bila gunia kubaki, basi ama idadi ya mistari, ama idadi ya magunia katika kila mstari, haitazidi kipeuo cha pili cha jumla ya magunia yote, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta jumla hiyo. Kipeuo cha pili cha namba yako hakifiki 46341, hivyo vigawo vinavyofaa kujaribiwa vinaishia hapo. Bado ni vingi mno kwa mtu mwenye kalamu na karatasi.

Uzuri ni kwamba namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31 (yaani 2 thelathini na moja zikizidishwa pamoja), ukitoa 1. Namba za aina hiyo huitwa namba za Mersenne, na kipeo chake kikiwa namba tasa isiyo 2, kila kigawo chake kilicho tasa, kikigawanywa kwa kipeo hicho maradufu, huacha baki 1. Jipime kwa kipeo cha 11: unapata 2047, ambayo ni 23 mara 89, na zote mbili zikigawanywa kwa 22 huacha baki 1. (Mfano huo uwaonye pia wanaodhani kuwa kipeo tasa huzaa namba tasa kila mara.) Kanuni ya pili inasema kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 huacha baki 1 au 7.

Ukiunganisha kanuni hizo mbili kwa kipeo cha 31, kigawo tasa cha namba yako hakina budi kuacha baki 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Chini ya 46341 namba za namna hiyo, ukiiacha 1 yenyewe, ni 373 tu, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo hazihitaji kujaribiwa. Euler hakupata hata moja inayoigawa namba hiyo bila baki.

Kwa hiyo 3, 7, 11 na 13 zilikuchosha bure. Kigawo cha kwanza kinachostahili kujaribiwa ni 311, nacho kinaacha baki 35. Kinachofuata ni 1303.