Barua kwa mwanangu: uanze na kampuni gani ya ndege

Mwanangu,

Marahaba mama. Meseji yako nimeipata, na mama yako yuko Naliendele kwa shangazi yako ila nimempigia nikamsomea yote. Umeuliza mambo mawili: uende kwa wale wa Caravan, vile vindege vya injini moja, ambao wanakuchukua mwezi ujao kwa mshahara mdogo bila masharti mengi, au kwa wale wa ATR, zile kubwa zaidi za panga mbili, ambao wanakulipia taipu retingi, yaani mafunzo ya kuruhusiwa kurusha aina hiyo ya ndege, halafu wanakufunga bondi, mkataba wa kutoondoka, miaka mitano na wanataka mdhamini mwenye mali. Na la pili, kama ntakubali hati ya kimila ya shamba la Newala iwekwe dhamana. Nakujibu bila kukuzungusha, kwangu mimi anza na Caravan, na hati ya shamba haitoki. Sasa nisikilize kwa nini maana sitaki uende kwa sababu baba kasema, nataka uende ukiwa umeelewa.

Mimi sio rubani, kuruka siwezi kukufundisha. Lakini unajua kazi niliyoifanya hapa kiwanja cha Mtwara, kupakia na kushusha mizigo, kuweka vizuizi kwenye matairi, na mtu ukikaa pale aproni zinapoegeshwa ndege miaka mingi unawasoma hao marubani kuliko wanavyodhani. Nilimwona kapteni mmoja, ndege imeshusha abiria, jua kali la saa nane, kamtuma fasti ofisa wake, rubani msaidizi, azunguke ndege kukagua. Kijana kazunguka fasta fasta karudi kasema iko poa. Yule mzee hakugomba, alishuka ngazi wakaenda wote mpaka tairi la kushoto, akachuchumaa akapitisha kidole kwenye mchaniko mdogo wa mpira, akamuuliza "hii unaruka nayo?" Kijana akasema ngoja nimuulize injinia. Mzee akamwambia injinia tutamuita, kwanza niambie wewe unaonaje. Wakakaa pale wanaongea juani mpaka kijana akatoa jibu lake mwenyewe, injinia akaja akalithibitisha. Na nimeona wa aina nyingine pia, kapteni anamfokea msaidizi wake mbele ya abiria eti kwa nini umeripoti taa ile ungeniachia mimi, na yule kijana safari zilizofuata ukimwangalia unaona kabisa ameshanyamaza, anabeba begi tu anamfuata nyuma.

Kwaiyo kitu cha kuchagua sio ndege, ni nani atakaa kiti cha kushoto, kile cha kapteni, na kampuni inamlea vipi. Tarehe 6 Novemba 2022 ile ATR iliyotoka Dar iliangukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba, hali ya hewa mbaya, wakafariki watu 19 na marubani wote wawili wamo. Sitaki kuwahukumu marehemu, Mungu awapumzishe. Ila toka siku ile mtu akinitajia kampuni ya ndege swali langu ni moja, hapo kwenu fasti ofisa akisema "kapteni tusitue, tupae tena" inakuwaje? Na kapteni mwenyewe akiamua kurudi Dar na ndege imejaa, kesho yake ofisini anaulizwa habari ya mafuta au anaulizwa hali ya hewa ilikuwaje? Hapa kwetu wakati wa mvua nimeona ndege inakuja, inazunguka, inarudi zake Dar, na watu jengoni wanawaka kweli, mwingine ana mgonjwa, mwingine ana mnada wa korosho, na mimi nilikuwa nawaelewa lakini moyoni nilikuwa namshukuru yule kapteni. Kampuni inayomtetea kapteni wa namna hiyo ndo ninayoitaka ikulee wewe.

Hilo huwezi kulijua kwenye interviu, HR wote wanaongea vizuri. Watafute walioacha kazi pale, sio waliopo. Uliza wale mafasti ofisa watatu wa mwisho kuondoka wako wapi na kwa nini waliondoka. Uliza mshahara unaingia tarehe ngapi, na kama mwezi ulioisha uliingia. Uliza matengenezo yanafanywa na injinia wao wenyewe au wanapeleka nje, na leo asubuhi kati ya ndege walizonazo ngapi zinaruka na ngapi zimeegeshwa zinasubiri spea. Nenda hanga, kule wanakotengenezea ndege, kama watakuruhusu, angalia sakafu, angalia kama kuna ndege imegeuzwa duka la spea inang'olewa kidogo kidogo kulisha nyingine. Na karatasi zao ziwe safi sana, unajua Desemba 2024 Umoja wa Ulaya waliizuia Air Tanzania kwenda kwao, halafu Juni 2025 wakaweka kwenye orodha hiyohiyo ya waliozuiwa makampuni yote yenye cheti cha Tanzania. Caravan haiendi Ulaya, ni kweli, lakini wazungu wanaopanda hizo Caravan kwenda kambini wanatoka huko, kwaiyo kampuni yenye akili sasa hivi inakaza matengenezo na rekodi, na isiyokaza utaiona.

Sasa kuhusu Caravan yenyewe. Najua wenzako wa chuoni wanaidharau, injini moja, abiria kumi na ushee, unabeba mabegi ya watalii mwenyewe. Lakini angalia utakachopata. Una CPL, leseni ya rubani wa biashara, yenye masaa mia mbili na kitu ya kuruka, ATPL, ile leseni ya juu ya ukapteni wa ndege kubwa, inataka masaa 1,500, na katika hayo wanataka pia masaa ambayo wewe ndo ulikuwa mkuu wa ndege, sio umekaa tu pembeni. Caravan ndo mahali pa kuyapata. Siku moja unaweza kutua Mafia, Songo Songo, Kilwa Masoko na viwanja vya vumbi ndani ya Hifadhi ya Nyerere, kila kimoja na upepo wake, kingine lazima upite chini kwanza kufukuza wanyama ndo uzunguke utue. Haina presha ndani, kwaiyo huwezi kupanda juu ukayaacha mawingu chini, unakutana nayo pale pale na unaamua wewe, napita pembeni, nasubiri, au narudi. Hayo maamuzi ndo yanamfanya mtu rubani. Ila uliza wanaruka marubani wawili au mmoja, na kama ni mmoja utakaa na mkubwa mpaka masaa mangapi kabla hawajakuachia. Wakikuambia wiki mbili tu unaruka peke yako na abiria, mama ondoka, hao hawakupendi wana shida ya watu. Na uliza mwezi wa nne na wa tano wanakulipaje, maana masika kambi nyingi huko porini zinafungwa, na kama malipo yako ni kwa saa utakula nini.

ATR sio mbaya nakuambia ukweli. Watu wanaziita pangaboi kwa dharau ila nyie mnajua zilivyo ndege za kazi. Utajifunza kufanya kazi wawili, utaruka kwa kufuata vyombo vya ndani ya ndege kila siku, una simuleta ya kufanyia mazoezi, una injini mbili, na ukiwa na kapteni kama yule wa tairi utakua haraka kuliko porini. Kama bondi ile ingekuwa imeandikwa kwa haki ningekuambia nenda, hapo ndo shida yangu ilipo.

Hiyo bondi nimeisoma zile kurasa ulizopiga picha. Mwanangu hiyo ni kangomba. Unawajua hao jamaa, mtu ana njaa anachukua hela kidogo kwa korosho ambazo bado ziko kwenye maua, msimu ukifika mzigo sio wake tena na bei nzuri anaisikia kwa jirani. Wanasema ukiondoka kabla ya miaka mitano unalipa gharama yote ya mafunzo. Yote! Yaani ukiondoka mwezi wa pili na ukiondoka mwaka wa nne na nusu deni ni lilelile. Bondi ya haki deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi mpaka linaisha. Halafu hakuna mahali wamesema itakuwaje ukikosa cheti cha afya, rubani ni mtu wa kupimwa kila mara, leo moyo, kesho macho, wanakusimamisha kuruka bila kosa lako, je utadaiwa? Na hakuna mahali wamesema itakuwaje wao wenyewe wakishindwa. Fastjet hapa Tanzania ilianza 2012 kwa nguvu, tiketi rahisi, watu tulifurahi, 2018 ikaisha. Na hata isipokufa ndege zinaweza kukaa chini, zile ndege za Airbus A220 za Air Tanzania zilikaa kwa sababu ya tatizo la injini za mtengenezaji, sio kosa la rubani yeyote. Ndege ikikaa na wewe unakaa, na usipotimiza kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 hubebi abiria mpaka urudishwe kwanza. Sasa kaa umefungwa miaka mitano sehemu ambayo hakuna cha kurusha uone.

Na kuna hili ambalo wavulana hawaulizi, wewe uliza kwa sauti. Ukipata ujauzito kuna kipindi hutaruhusiwa kuruka, halafu kuna likizo ya uzazi siku 84 kwa sheria yetu. Miezi hiyo inahesabiwa ndani ya bondi au inasogezwa mbele? Wakikuangalia vibaya kwa sababu umeuliza, umeshapata jibu la mambo mengi kwa mkupuo mmoja.

Shamba sasa. Ile mikorosho babu yako aliipanda, na ndo iliyolipa ada zenu nyote wanne, sio yako peke yako na sio yangu ya kuiweka mezani kwa mtu ambaye hata hajui Newala iko wapi. Kaka zako nimewaambia na wamesema hivyohivyo, na wanakupenda. Ninachoweza ni kusaini mimi kama mdhamini kwa jina langu bila hati, wakirekebisha pale kwenye deni kupungua na pale kwenye cheti cha afya. Wapelekee hayo mawili kwa maandishi, kwa adabu. Wakikubali, mizani inabadilika kabisa, nipigie tuongee upya, naweza hata kukuambia nenda ATR. Wakikataa hata kuyajadili basi utakuwa umejua watakavyokusikiliza ukiwa kiti cha kulia, cha msaidizi, na mvua mbele.

Mama yako anasema kwa nini usitafute njia ya moja kwa moja kwenye ndege kubwa, Dubai, Doha huko. Nimemwambia wakati utafika. Mimi nikuambie ukweli nafurahi ukianzia huku kwetu kwenye ndege ndogo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ikakatika huko Somanga, watu wamekwama na magari njiani na huku tunangoja, ndo nikaona watu wanaelewa kiwanja cha ndege ni cha nini. Wamekirefusha mpaka mita 2,800, kina taa, sasa kinataka marubani wanaoujua upepo wa huku. Sikuombi urudi Mtwara, nasema tu hiyo kazi sio ya kupita njia.

Kwaiyo fanya hivi. Hao wa Caravan waombe wiki moja usisaini chochote, na waombe wakupandishe kiti cha nyuma safari moja ya kawaida uangalie wanavyofanya kazi, wasiojificha watakubali. Wa ATR waandikie barua leo. Kabla hujapanda hiyo safari nitumie jina la kapteni utakayeruka naye, kuna vijana bado wako pale kiwanjani ntawauliza anawaongeleshaje watu wa mizigo.

Baba yako
Chikongola, Mtwara