Uliza Fundi: Singer ya bibi inasokota uzi, na khanga zake zinachanika

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Igoma hapa Mwanza. Bibi yetu alifariki akatuachia Singer ya miguu na begi zima la viraka, vipande vya khanga na vitenge alivyokuwa anaviweka tangu mama yangu akiwa mdogo. Kila mjukuu alishonewa shuka lake la viraka. Nataka nimalizie moja aliloliacha nusu ila nikikanyaga tu uzi unajikusanya chini ya nguo, na zile khanga za zamani zinachanika kwenye mshono. Hapo hapo mjomba anataka cherehani iende kwake ikae sebuleni kama pambo. Nifanyeje?
Mjukuu wa fundi

JIBU: Marahaba mjukuu, na poleni sana. Uzi kwanza. Wengi wakiona uzi umesokotana chini wanakimbilia bobini, wanafungua wanafunga, kumbe kosa mara nyingi liko juu. Inua ule mguu unaokandamiza nguo, toa uzi wote, uupitishe upya huku mguu uko juu, maana ukiwa chini zile sahani za kukaza zinakuwa zimebana na uzi hauingii katikati yake. Halafu sindano, ule uti wake una upande bapa, ukiuweka kinyume itaruka mishono mpaka ulie. Mafuta weka ya cherehani, ya kupikia yanaganda ndani (mimi niliyaweka mwaka nilioanza ufundi, gurudumu likawa zito kama limefungwa jiwe).

Khanga sasa. Pamba iliyofuliwa miaka yote hiyo imechoka, mshono peke yake hauwezi kuibeba, kwahiyo kila kiraka kilichochoka kipe kitambaa chepesi kwa nyuma kabla hujaunga. Mimi natumia marekani, ile isiyopaushwa, ambayo jina lenyewe imelipata sababu karne ya 19 ilikuwa inaletwa na meli za Marekani mpaka Zanzibar. Ila ifue kwanza ikauke, inarudi hiyo, ukishona mbichi shuka lote litajikunja siku ya kwanza ya kufua. Katikati usijaze pamba eti kwa vile tuko kanda ya pamba, kwa joto hili la Mwanza utalilalia nani? Weka shuka kuukuu, inatosha.

Na kama kwenye begi kuna khanga nzima usiiguse kabla hujakaa na mama yako. Mkalishe mkekani, mtandazie kiraka kimoja kimoja akwambie hiki kilikuwa gauni la nani, kile alijifunga nani akienda harusini Ukerewe, uandike kwa penseli huko nyuma kwenye marekani. Ukilazimika kukata, kata kwenye mji, ile sehemu ya katikati, ila jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, uliache zima na ulipe nafasi yake kwenye shuka, maana maneno yale bibi aliyachagua mwenyewe dukani.

Kuhusu mjomba, naongea kama fundi siyo kama mzee wa ukoo, cherehani isiyokanyagwa inakufa, mafuta yanaganda mkanda unakauka. Mwambie kwa heshima aje Jumapili akanyage mstari mmoja wa kuunga viraka viwili, mkitandaza ukaona umenyooka, basi abebe.