Nilikataliwa Mara ya Kwanza: Kwa Wanaotaka Kusomea Tiba ya Muziki

Jumanne iliyopita kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia. Ana shahada ya kwanza ya muziki, anapiga kinanda kanisani, na alikuwa ameomba nafasi ya kusomea tiba ya muziki, yaani kazi ya kumsaidia mgonjwa au mwenye ulemavu kwa njia ya muziki, ngazi ya uzamili, ng'ambo. Jibu limekuja, na jibu ni hapana. "Mwalimu," aliniambia, "nilipiga kila noti sawasawa. Sijui walitaka nini zaidi." Niliusoma ujumbe huo nikiwa ndani ya matatu pale Kondele, hapa Kisumu, na macho yakajaa. Maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe, nimekaa kwenye kitanda cha mama kijijini Shinyalu, simu mkononi, barua ya kukataliwa ikiwa bado iko wazi.

Basi leo naandika yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Nilifundisha muziki shule ya upili kule Kakamega kwa miaka 9. Kwaya zangu zilifika Tamasha la Muziki la kitaifa mara 4, na anayelijua tamasha hilo, ambalo limekuwapo tangu 1927, anajua kufika huko si mchezo. Nasema bila haya: nilikuwa hodari. Mwanafunzi akichelewa nusu ya pigo kwenye ngoma, nilimsikia nikiwa chumba cha walimu. Tulilelewa hivyo katika muziki nchi hii. Jukwaa, majaji, alama, kikombe. Asiyefuata mdundo unamrekebisha, akishindwa unamwondoa.

Kilichonivuta kwenye tiba kilikuwa mtoto wa kitengo cha mahitaji maalum kilichopakana na shule yetu. Hakuwa akisema. Kila tulipofanya mazoezi alikuja kusimama dirishani na kugonga bati la ukuta, na nikisimamisha kwaya naye anaacha. Nilianza kusoma usiku kwa bando za shilingi 50. Nikasoma habari za Paul Nordoff, mtunzi wa muziki Mmarekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa watoto wenye ulemavu, walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1959: mmoja kwenye piano, mwenzake kando ya mtoto, na muziki ukitungwa papo hapo kufuatana na anachofanya mtoto. Nikajiambia, hii ndiyo kazi yangu.

Nilikopa kwenye sacco ya walimu, nikasafiri kwa usaili. Chuo hicho sitakitaja.

Kipande cha piano nilikipiga bila kosa hata moja. Niliimba na gitaa, wakatikisa vichwa. Kisha mmoja wa wasaili akaketi sakafuni na ngoma ndogo, wakaniambia: huyu ni mtoto asiyezungumza, kaa naye, cheza naye. Akapiga mara mbili. Kimya. Mara tatu. Kimya kirefu mno. Kisha pigo moja zito, kana kwamba ana hasira. Mimi nikaingia na mdundo ulionyooka, nne kwa nne, ili nimsaidie. Hakunifuata. Nikaongeza sauti. Nikatabasamu, nikamwambia, "Twende pamoja, moja, mbili!" Akaweka mikono mapajani. Nikaendelea peke yangu na kumalizia vizuri sana, kama mbele ya majaji.

Barua yao ilikuwa na mistari michache. Uwezo wake wa muziki ni wa juu, waliandika, lakini hakumwachia mwenzake nafasi.

Iliniuma. Bado inaniuma kidogo, hasa nikikumbuka kwamba msaili mwingine aliniuliza kama nimewahi kupiga ngoma nje ya kanisa. Mimi! Mwana wa Isukha, ambaye baba yake alipiga isukuti kwenye harusi na matanga ya kijiji kizima, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nilirudi nyumbani na kusimulia swali hilo kwa kila aliyetaka kunisikiliza. Ikanichukua miezi kukubali kwamba swali lilikuwa la dharau na barua ilikuwa ya kweli. Yote mawili yanawezekana kwa siku moja.

Nyumbani nako hawakunipa pole. Mjomba alisema mbele ya wageni, "Mtu mzima anataka kulipa karo ili akawaimbie wagonjwa? Kwani kanisani hatuimbi bure?" Watu wakacheka. Ukichagua njia hii, ndugu yangu, utacheka nao au utanyamaza, lakini usipoteze muda kubishana.

Nikaomba kujitolea. Hospitali moja iliniambia haihitaji burudani. Nyumba moja ya kutunza wagonjwa hapa Kisumu ikakubali, siku ya Alhamisi tu, kwa muda wa saa mbili. Nikafika na gitaa langu na tabasamu langu la tamasha.

Kulikuwa na mzee aliyepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yamemtoka yote isipokuwa "ee". Wiki ya kwanza nilimwimbia tenzi tatu, kamili, beti zote. Alitazama ukuta. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu nilikuwa nimechoka, sikuwa na hamu ya kuimba, nikakaa tu. Hapo ndipo nikauona mkono wake wa kushoto. Alikuwa amebana pindo la shuka kati ya kidole gumba na cha shahada, na analivuta. Vuta, vuta, tulia. Vuta, vuta, tulia. Huenda alikuwa akifanya hivyo tangu wiki ya kwanza, mimi niko na beti zangu.

Niliweka gitaa chini. Nikagusa chuma cha kitanda kwa ukucha, polepole, kwa mwendo wake: mbili, kisha kimya. Mkono ukasimama. Nikadhani nimeharibu. Kisha akavuta tena, safari hii akiangalia kidole changu. Tulikaa hivyo labda dakika kumi. Alipochelewa nilichelewa. Nikaanza kuvumisha sauti mdomo ukiwa umefungwa, chini kabisa, naye akaitikia kwa sauti yenye kutu, na sauti ile ikapanda pale ambapo wimbo wa kanisani kwao hupanda. Yakatoka maneno manne ya Kijaluo, wazi, ndani ya wimbo. Binti yake alikuwa akifungua chupa ya uji, kifuniko kikamtoka mkononi kikabingirika hadi mlangoni.

Hapa nataka nisieleweke vibaya, kwa sababu simulizi za namna hii hugeuzwa miujiza. Mzee hakupona siku ile. Aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo anaweza kushindwa kusema jina la mtoto wake na bado akaimba wimbo anaoujua tangu utotoni. Kuimba huko si kuzungumza. Watafiti wa Boston walichapisha mwaka 1973 njia ya kumtoa mgonjwa kwenye kiimbo kuelekea kwenye usemi, sentensi fupi fupi, huku mkono wa kushoto ukigonga silabi. Hiyo ni kazi ya wiki na miezi, na inahitaji mtu aliyefunzwa. Ndiyo sababu ya kwenda shule. Moyo mwema na gitaa havitoshi.

Mwaka uliofuata niliomba tena, Afrika Kusini, na nikapata. Ya viza, fomu na harambee nayaacha, kila mtu anayajua. Miaka ile 2 nayo siisimulii yote. Nitasema jambo moja tu: unarekodiwa video ukiwa na mgonjwa, kisha unakaa na msimamizi wako mkiitazama dakika kwa dakika, na anakuuliza, "Hapa ulikuwa unamsikiliza nani?" Mara nyingi jibu lilikuwa: nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Sasa, mashauri.

La kwanza ni kusikiliza. Kabla ya usaili, tafuta mtu ambaye si mwanamuziki, mpe ngoma au sufuria, na umfuate yeye. Usimfundishe. Usimrekebishe. Fanya hivyo kila wiki.

Pili, jua unakokwenda. Chuo Kikuu cha Pretoria kilianza kufundisha uzamili wa tiba ya muziki mwaka 1999, na kwetu Waafrika ni karibu kuliko kwingine. Ukihitimu huko unasajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi ile. Uingereza jina la mtaalamu wa tiba ya muziki linalindwa kisheria; hulitumii bila kusajiliwa, na mlango wa kuingilia ni shahada ya uzamili. Marekani mtu huweza kuanzia shahada ya kwanza, na anatakiwa atimize saa 1,200 za mafunzo ya vitendo. Vijana wengi huniandikia kwamba watakwenda Uingereza kwa ufadhili wa Chevening. Ufadhili huo ni mzuri, lakini hulipia uzamili wa mwaka 1, na kozi nyingi za tiba ya muziki kule ni za miaka 2. Afadhali ulijue hilo leo kuliko baada ya kuandika insha zote. Jua pia kwamba kozi nyingi za Uingereza zinakutaka wewe mwanafunzi uwe na mshauri nasaha wako, wa kukusikiliza wewe mwenyewe, katika kipindi cha masomo, na mara nyingi unamlipa mwenyewe.

Tatu, saikolojia. Uliza mapema chuo kinataka masomo gani. Ukiwa Maseno, Kabarak au Kenyatta unasoma muziki, usingoje umalize, chukua somo la saikolojia ukiwa hapo hapo.

Nne, jitolee mahali, hata ukikataliwa mara moja. Na ukifika, sikiliza. Nalirudia kwa sababu ndilo lililonigharimu mwaka mzima na mkopo wa sacco.

Kuhusu kazi ukirudi: usitarajie kukuta mlango wa hospitali umebandikwa jina lako. Mimi wa kwanza kunilipa walikuwa wazazi watatu wa watoto wenye usonji, kwa M-Pesa, kila mmoja kadiri alivyoweza. Leo nina wagonjwa siku nne kwa wiki. Hata mjomba amenipigia simu kuuliza habari za jirani yake aliyepata kiharusi. Sikumkumbusha maneno yake.

Ndugu zangu wanamuziki, tunapenda mno kusifiwa. Tumefundisha watoto wetu kwamba muziki ni wa kushindana, na wale wasioweza kushindana tumewaacha dirishani wakigonga bati. Mtoto yule aliyenivuta kwenye kazi hii nilimsikia miezi mingi, na sikuwahi hata siku moja kutoka nje nikamwendea na ngoma. Niliporudi na shahada yangu, familia yake ilikuwa imehama. Hilo halinitoki. Kama uko shuleni na kuna mtoto kama huyo upande wa pili wa ukuta, ondoka kwenye hiki unachosoma, uende.

Kijana wa Nakuru nimemwambia apande matatu Jumamosi aje Kisumu. Asilete kinanda. Nitampa ngoma ndogo ya baba, mimi nitakaa sakafuni na ya kati, nitapiga mara mbili, kisha ninyamaze muda mrefu.